Mwaka wa Ulimi Safi

Kila Desemba vijana wa kanisa letu wananijia nyumbani na soda moja ya kugawana, wanakaa kwenye mkeka, wananiomba neno la kuwatia moyo ili waanze mwaka mpya na Bwana. Wanataka neno tamu. Wanataka niwaambie wafunge, waombe, wafungue Biblia asubuhi kabla ya kufungua simu. Mimi nawapa habari ya mwaka niliomwahidi Mungu kwamba sitatukana mtu, na jinsi ahadi hiyo nusura itumalize. Mchungaji wetu wa sasa, kijana mwenye suti ya kubana, ameshaniomba nitafute ushuhuda mwingine. Sina mwingine.

Ile miaka ya vita, hapa Bujumbura tulikuwa tunavuka mwaka mchana. Cheka tu, lakini ndivyo ilivyokuwa. Makanisa ya nchi za watu yanakesha mpaka usiku wa manane. Sisi tulikuwa na kuvrefe, jua likizama kila mtu awe ndani, na anayekutwa barabarani hana wa kumlilia. Basi mchungaji wetu wa wakati ule aliuhamisha usiku wa manane, akauweka saa kumi za mchana. Tulikusanyika kanisani Kinama baada ya chakula, tukaimba, tukatubu, tukalia, na saa yake ya mkononi ilipofika kumi alitangaza kwamba mwaka umevuka. Tukakumbatiana jasho linatutiririka, jua linachoma mabati, kisha kila mtu akashika njia kabla askari hawajaweka bariyeri za jioni barabarani. Kama Mungu alishangaa kutuona tumefika mwaka mpya kabla yake, hakutuambia.

Mchungaji huyo alikuwa na ugonjwa wa kuupa kila mwaka jina. Jina liliandikwa kwa rangi nyekundu kwenye kitambaa cheupe, likatundikwa nyuma ya mimbari, na sisi tukalibeba mpaka Desemba. Tulikuwa na Mwaka wa Ushindi, na mwaka huo wezi walibomoa mabati ya nyuma ya kanisa wakaenda nayo. Tukawa na Mwaka wa Kuongezeka, na zilizoongezeka zilikuwa bariyeri. Sikuwa na neno. Mtu mwenye kanisa ndiye mwenye rangi.

Sasa nikueleze mimi nilikuwa nani. Nilikuwa mjane, nauza ndagala, vile visamaki vidogo vya ziwa letu. Alfajiri, kuvrefe ikiisha, tulitoka Kinama kundi la wanawake, beseni kichwani, tukaenda kununua Kajaga kwa wavuvi, kisha tukarudi kuuza sokoni mjini. Kati ya Kinama na Kajaga kulikuwa na bariyeri ya jeshi. Na kwenye bariyeri hiyo, aliyekuwa akitupitisha ni mdomo wangu.

Usinielewe vibaya, sikuwa mtu wa kubembeleza. Nilikuwa natukana. Nikifika tu mbele ya wale vijana wenye bunduki naanza: kofia imekulalia mpaka masikioni, mama hakukuonyesha kioo, viatu umefunga kwa kamba ya mbuzi, na mbuzi mwenyewe yuko wapi. Wenzake wanacheka, yeye anacheka kwa aibu, anapungia mkono, kundi zima linapita bila kuulizwa kitu. Ni kazi, na kazi ina sheria zake. Unatukana kwa Kiswahili, maana Kirundi ni lugha ya heshima, tusi la Kirundi linabaki mwilini kama risasi, ila Kiswahili cha mjini kila mtu anajua ni cha kuchekeshana. Humgusi mama yake isipokuwa kwa upole. Hugusi kabila lake kabisa. Ukigusa mama umekufa wewe, ukigusa kabila tumekufa sote. Na mwisho lazima umwachie mtu mlango mdogo wa kucheka naye, la sivyo atautafuta mlango wake kwa kitako cha bunduki.

Katika kundi letu alikuwamo msichana mmoja wa upande wa Kongo. Alivuka mto Rusizi vita ya kwao ilipowaka, akiwa na mtoto mgongoni na nguo aliyovaa. Mumewe hakujulikana yuko wapi. Nilimpa chumba cha nyuma, akawa ananiita mama, na mtoto akawa wangu kwa nguvu, hakuniuliza. Msichana huyo hakuwa na karangamuntu, karata ya utambulisho, wala hakujua Kirundi cha kuombea maji. Na mwanamke asiye na karata aliyekamatwa bariyerini alipelekwa kwenye kambi ya askari pale mlimani. Niliwafahamu waliorudi kutoka kule, na sitaki kusema walirudi vipi. Ndiyo maana alitembea mwisho wa kundi, ameinamisha kichwa, hasemi neno, na mimi mbele nafanya kelele kwa niaba ya wawili.

Halafu ukaja ule mwaka. Kwenye ibada ya kuvuka, mchungaji alivuta pazia na kitambaa kikaonekana: MWAKA WA ULIMI SAFI. Kanisa zima likageuka kuniangalia. Hata mpiga ngoma.

Mchungaji alihubiri juu ya ulimi mpaka wake mwenyewe ukakauka. Kisha akasema kila mtu asimame amwahidi Bwana jambo moja la mwaka mpya, mbele ya mashahidi. Wanaume waliahidi mambo makubwa ambayo hakuna atakayekwenda kuyakagua. Mmoja aliahidi kuhubiri injili mpaka Kigoma, naye alikuwa anatapika hata akikaa kwenye boti iliyofungwa. Ilipofika zamu yangu nikasimama, nikasema mwaka mzima sitatukana mtu.

Watu wakapiga makofi kama nimefufuka. Na usidhani niliona haya kwa sababu walinigeukia. Mimi siogopi macho. Nilikuwa nimechoka. Mwaka uliopita ulikuwa umenila watu, nyumba ilikuwa na ufa, soko lilikuwa limekufa, na nilitaka angalau kitu kimoja kwangu kiwe kipya. Kitu pekee nilichokuwa nacho cha kubadilisha kilikuwa mdomo. Kwa hiyo niliutoa, na niliutoa kwa moyo wote.

Nilipokaa nikamwona yule msichana kwenye benchi la nyuma. Hakupiga makofi.

Jioni, tumeshajifungia ndani, akaniuliza huku ananyonyesha, "Mama, na kwa bariyeri je?"

"Mungu atafungua."

"Siku zote ni we unafunguaga."

"Ni Mungu alikuwa anatumia kinywa changu. Sasa atatumia njia ingine."

Akafikiri kidogo. "Amekuambia ni njia gani?"

Nikamwambia alale. Kilichoniudhi ni kwamba swali lilikuwa zuri.

Asubuhi ya kwanza ya kurudi kazini tukashika barabara. Mama mchungaji alikuwa nyuma yangu, beseni kichwani kama sisi, maana sadaka za kanisa letu zisingeweza kulisha hata paka. Njia nzima nilikuwa nafanya mazoezi ya kuwa mpole. Tukafika. Bariyerini alikuwapo yule koplo mwembamba ambaye nilikuwa nimemtukana karibu kila asubuhi, ameshika kikombe cha chai, ameshaanza kutabasamu akisubiri fungu lake.

Nikasimama, nikafunga mikono mbele. "Amani ya Bwana iwe nanyi, wana wangu. Mumeamuka muzuri?"

Tabasamu likamwisha usoni. Akaweka kikombe chini.

"Mama, uko mugonjwa?"

"Apana, mwanangu. Niko muzima kwa neema."

Akaniangalia kutoka juu hadi chini, akaangalia kundi, akarudi kwangu. "Leo munabeba nini?"

"Beseni tu, mwanangu mupendwa."

Hilo neno mupendwa ndilo lililotumaliza. Yule kijana alirudi nyuma hatua, akashika bunduki vizuri, akaita kwenye kibanda cha magunia ya mchanga. "Afande, njoo uone. Ule mama wa mudomo ananiita mupendwa."

Akatoka mkubwa wao, mwanaume mnene ambaye sikuwa nimewahi kumwona, mpya kabisa pale, uniforme imepigwa pasi mpaka inakata. Hakuwa na utani usoni. Akasikiliza maelezo ya koplo kama mtu anayesikiliza habari za shambulio. Ndugu zangu, nilikuwa nimekaa miezi na miezi nikiwarushia wale watu maneno na hakuna aliyewahi kututilia shaka. Siku niliyowapa upendo wa Kristo wakaona ninaficha mzinga.

"Beseni zote chini," akasema. "Karangamuntu mukononi."

Wanawake wakashusha beseni, wakaanza kuchimba kwenye vitenge. Yule mnene akaanza mbele, anasoma karata moja moja, polepole, anageuza, anaangalia uso. Nikaomba. Niliomba kama sijawahi kuomba. Nilisema Bwana, mimi nimefunga mdomo wangu kwa ajili yako, sasa fungua wako. Hakufungua. Alikuwa kimya kama mtu aliyekaa kando anataka kuona utafanyaje.

Akamfikia msichana. Akanyoosha mkono. Msichana hakuwa na cha kuweka kwenye mkono ule. Akaulizwa kitu kwa Kirundi, akanyamaza. Akaulizwa tena. Mtoto akaanza kulia. Yule mnene akamshika msichana juu ya kiwiko, akamtoa kwenye mstari, na msichana akageuza kichwa akanitazama mimi, si askari. Mpaka leo macho yale ninayo.

Nyuma ya sikio langu nikasikia mama mchungaji. "Mama, tukana."

"Nimeahidi," nikamjibu bila kugeuka.

"Nilikuwepo. Kwa jina la Yesu, tukana."

Basi. Niliikaza kanga yangu kiunoni.

Sikumwendea yule mnene, sina wazimu; mtu usiyemjua humtukani, unamtukana mtu wake. Nikamgeukia koplo. "We koplo. Tangu tujuane nimekusalimia kwa heshima mara moja tu, na umeenda kumwamusha mukubwa wako? Mutu anakuambia amani ya Bwana, we unaita jeshi? Siku mwanamuke atakuambia anakupenda, utaita helikopta?"

Kijana mmoja juu ya magunia akacheka puani. Nilikuwa naisubiri hiyo sauti.

"Musicheke, mumuhurumie. Huyu alizaliwa siku ya mapumuziko, ndiyo maana akili haikufika. Mwili ulifika, akili ikaambiwa irudi kesho, kesho yake ikakuta ameshavaa kofia."

Wakacheka wote, na koplo mwenyewe, masikini, uso ulimlegea kwa raha, kama mtu ambaye mama yake amerudi kutoka safari. "Ni yeye, afande," akasema. "Ni yeye, yuko muzima."

Mnene hakucheka. Mkono wake bado ulikuwa juu ya kiwiko. Hapo nikashusha sauti, nikamsogelea kwa adabu zote nilizofundishwa.

"Afande, mukubwa wa watu. Huyo ni binti yangu. Kirundi hakijui, ndiyo, hata wakwe zangu hawakijui na ni Warundi. Mi sikuzuii. Nakuambia tu kama mama: huyo mutoto wa mugongoni anaharisha tangu jana, na hiyo uniforme naona imepigwa pasi leo."

Aliutoa mkono kama amegusa sufuria ya moto jikoni. Akaangalia mkono wake wa shati. Akaangalia mtoto, ambaye, Mungu ambariki, alichagua wakati ule kukunja uso na kusukuma. Yule mtu alijitahidi sana, lakini pembe moja ya mdomo ikamsaliti.

"Pita, mama," akasema. "Pita na ukoo wako wote."

Tulipita. Hatukukimbia, maana ukikimbia wanakumbuka. Tulipofika Kajaga msichana alitapika kwenye mchanga, na mimi nikaenda nyuma ya mitumbwi nikalia. Nilimkasirikia Mungu, kisha nikajikasirikia mwenyewe, kisha nikarudi kwa Mungu, maana kwake nilikuwa na maneno mengi zaidi. Halafu nikanunua ndagala. Watu walikuwa wanasubiri kula.

Habari ilifika kanisani kabla yangu. Jumapili mchungaji akaniita mbele. Akasema kuna dada ambaye nadhiri yake haikumaliza hata wiki, na kwamba angependa dada huyo atuambie Shetani alimjia kwa njia gani.

"Sina hakika kama alikuwa Shetani," nikasema. "Sauti ilitokea nyuma yangu. Ilikuwa ya kike, na ilitumia jina la Yesu."

Vichwa vikageuka. Mama mchungaji alikuwa kwenye kiti chake cha mbele, anajipepea na kijitabu cha nyimbo. Akaacha kujipepea. Akasimama.

"Ni mimi," akamwambia mumewe mbele ya watu wote. "Na ungalikuwepo ungalisema vile vile, ila kwa sauti nene."

Mchungaji alifungua mdomo. Akaangalia kitambaa chake nyuma, akaangalia mkewe, akamtazama msichana wa benchi la nyuma na mtoto wake, akakaa kimya muda ambao kwa wahubiri ni mrefu. Kisha akatoa kitambaa cha jasho, akajifuta, akasema tuimbe. Nilimheshimu kuanzia siku hiyo. Mtu wa mimbari anayejua kunyamaza, shika miguu yake.

Nadhiri yangu haikutajwa tena. Kila asubuhi niliwatukana askari kwa bidii, kama huduma, na koplo akawa anatupitisha na kutuombea njia njema. Kitambaa kilitundikwa mpaka mvua ikakipata kupitia pale palipoibiwa mabati, na mama mchungaji akakishusha, akakifua, akampa msichana wa kwetu abebee mtoto. Rangi ile haikutoka. ULIMI ulikaa ubavuni na SAFI ikawa inaangukia makalioni pa mtoto, na yule mtoto aliitendea haki kila siku.

Msichana mwenyewe aliendelea kunyamaza. Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu, lakini mbele ya watu hakusema. Nikamchokoza: "We utaishi kwa mdomo wangu mpaka lini?" Alikuwa anacheka tu, anachambua mchele. Nilikuwa naogopa. Nilijua siku moja nitaugua, au nitakufa, na atafika mbele ya mtu mwenye kofia akiwa peke yake.

Desemba ikafika, na habari kutoka Kigoma: dada yake yuko hai, anamwita. Tukamtafutia nafasi kwenye boti ya mizigo, ikawa siku ile ile ya kufunga mwaka, asubuhi. Nikamsindikiza bandarini. Nilikuwa nimeshapanga kila neno nitakalomwambia mlinzi wa geti. Tulipofika, geti lilikuwa limejaa wabeba mizigo na mikokoteni, na sisi wasindikizaji tulisukumwa nyuma ya kamba. Wasafiri tu mbele. Nikapiga kelele, nikataja afande ambaye hayupo, nikatukana kila aliyekuwa karibu. Hakuna aliyesikia, mikokoteni ilikuwa inalia chuma kwa chuma. Nikamwona amefika kwa mlinzi. Mlinzi akanyoosha mkono kudai karatasi. Mkono ule ule, mtupu, unaosubiri. Nikaishika kamba kwa mikono miwili. Nilitaka kumwambia Mungu kitu na nikakosa.

Ndipo nikasikia sauti, ya juu, kali, imetulia, na sikuitambua.

"We ulizaliwa siku ya mapumuziko, ndiyo maana akili haikufika. Miaka yote munasema watu wa Kongo tumejaa, turudi, turudi. Leo mutu anaondoka mwenyewe, kwa miguu yake, na we unamushika?"

Wabeba mizigo wakasimamisha mikokoteni.

"Ao unanipenda?" akasema. "Sema tu, nibaki. Lakini mutoto huyu atakuita baba kuanzia leo, na anakula."

Wakacheka mpaka mmoja akaangusha gunia. Mlinzi naye akacheka, akifunika uso kwa ule mkono aliokuwa ameunyoosha, na kwa mwingine akamwonyesha apite. Msichana alikuwa amemwachia mlango mdogo wa kucheka. Sikuwahi kumfundisha lile la mlango, kwa kinywa changu sikuwahi.

Akapanda ubao wa boti bila kugeuka, mtoto mgongoni, na maneno mekundu kwenye kitambaa, yamepauka lakini yanasomeka hadi pale nilipokuwa. Nililia hadharani, kwa sauti, na sikujali.

Mchana nikaenda kanisani kuvuka mwaka. Kulikuwa na kitambaa kipya, sikumbuki kimeandikwa nini. Kabla ya saa kumi mchungaji akauliza nani ana neno la kulitia moyo kanisa, na akanitazama mimi, kwa hofu kidogo. Nikasimama. Nikafungua mdomo mbele ya watu wote, hakikutoka kitu.

"Mama," mchungaji akasema polepole, "na we leo umekosa neno?"

Nikamwonyesha kwa mkono upande wa ziwa, nikakaa. Mama mchungaji akaja akakaa karibu yangu, akanishika mkono. Saa ikafika kumi, watu wakapiga vigelegele, mwaka ukavuka, na mdomo wangu ulikuwa njiani kwenda Kigoma.